Barua kwa mwanangu aliyeniuliza kama ampe kaka yake figo

Morogoro, Jumapili jioni

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma usiku, nikausoma tena asubuhi baada ya swala. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza: "Mama, nimpe kaka figo au nisimpe?" La pili umelichomeka mwishoni, baada ya habari za mvua na nauli: "Na nikisema hapana, utaniangaliaje?" Sikupiga simu. Kwenye simu ningelia, nawe ungekubali ili ninyamaze, na huko si kukubali.

Swali la kwanza sitalijibu. Mgonjwa nimemzaa mimi, anayeombwa nimemzaa mimi. Kesi hii sina uso wa kuihukumu. Figo zangu ndizo zilizotakiwa kwanza, zikakataliwa. Kundi la damu lilifaa, lakini mtu anayemeza dawa mbili za presha kila siku hawamgusi. Kwa hiyo nitakueleza ninachokijua, kama mama na kama mkunga aliyezeekea wodini, halafu utaamua mwenyewe.

Tuanze na kaka yako, maana wewe unamwona siku za sikukuu, amevaa shati la mikono mirefu. Mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara, anakaa kwenye kiti cha mashine ya kusafisha damu. Anapimwa uzito kabla, anapimwa uzito baada, na kinachopungua pale kwenye mizani ni maji aliyokunywa mwili ukashindwa kuyatoa. Siku akizidisha vikombe, mashine inavuta maji mengi kwa mkupuo na misuli ya miguu inamkaza mpaka anashika ukingo wa kiti. Ndiyo maana ukimkaribisha soda anaomba kipande cha barafu, akinyonye taratibu. Kwenye mkono wa kushoto, pale walipounganisha mishipa, ukiweka vidole unasikia mtetemo, kama paka anayekoroma chini ya ngozi. Siku ya kwanza niliutoa mkono wangu haraka. Yeye akacheka.

Huko ndiko anakotoka. Na anakokwenda ukujue vilevile, maana figo mpya haimalizi ugonjwa. Atameza dawa za kuuzuia mwili usiikatae, maisha yake yote, kwa saa zilezile asubuhi na jioni, na dawa hizo zinashusha kinga. Homa ambayo wewe unailalia siku mbili ukaamka, yeye itampeleka hospitali. Figo ya ndugu aliye hai hudumu kwa wastani miaka 15 hadi 20. Nyingine hupita hapo, nyingine hufa mapema. Atakayekwambia "ukimpa figo amepona" ama hajui anachosema, ama anataka ukubali haraka.

Upandikizaji wa kwanza wa figo uliofanikiwa ulifanyika Boston, Marekani, Desemba 1954, kati ya mapacha wanaofanana, Ronald na Richard Herrick. Usiku wa kuamkia upasuaji, Richard, yule mgonjwa, alimwandikia pacha wake kikaratasi: ondoka hapa, nenda nyumbani. Ronald akamjibu kwamba yupo na haondoki. Richard aliishi miaka minane zaidi, akaoa muuguzi, wakapata watoto wawili. Ronald, na figo yake moja, aliishi mpaka 2010 akafariki akiwa na miaka 79. Mimi nakipenda kile kikaratasi kuliko hata upasuaji wenyewe. Kaka yako naye ameniambia hataki figo yako. Usimkasirikie, na usiyachukue maneno hayo yalivyo. Kaeni wawili mzungumze, sisi wengine tukiwa mbali.

India hamtahitaji kwenda, kama walivyokwenda wengi tuliowajua. Muhimbili walianza kupandikiza Novemba 2017 wakishirikiana na madaktari wa kutoka huko India, na Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma ikafuata 2018 kwa msaada wa Wajapani. Wewe uko Dodoma na yeye yuko Dar. Mpango wa nani aende wapi tutaupanga baadaye.

Sasa upimaji. Ni mrefu kuliko unavyodhani, na urefu huo uko upande wako. Wataanza na kundi la damu; lako ni O, hilo halina shida. Kisha wataangalia namna seli zenu zinavyolingana. Ndugu wa baba na mama mmoja, nafasi ya kulingana kabisa ni moja kwa nne, na nafasi ya kutolingana hata kidogo pia ni moja kwa nne. Hayo ni mambo ya bahati, hayapimi upendo. Kisha watakutanisha damu yako na yake maabara, kuona kama mwili wake tayari una silaha dhidi yako. Kaka yako aliwahi kuongezewa damu, na kuongezewa damu huweza kuacha silaha za namna hiyo, basi kipimo hicho huenda kikafunga safari kabla hujaamua lolote.

Kuna cha mkojo wa saa 24, na hiki watu wengi hukiharibu. Mkojo wa kwanza wa asubuhi unaumwaga chooni na kuandika saa. Baada ya hapo kila tone linaingia kwenye galoni, mchana na usiku, hata ukiwa kazini, mpaka ule wa kwanza wa kesho yake kwa saa ileile. Usione haya kulibeba ofisini ndani ya kikapu. Ukimwaga mara moja kwa kujisahau, sema, uanze upya. Namba ya uongo hapo inaweza kukuacha na figo isiyokutosha. Picha ya mishipa utapigwa pia. Mara nyingi huchukua figo ya kushoto kwa sababu mshipa wake ni mrefu zaidi na ni rahisi kuuunganisha. Yake za zamani hazitolewi. Hii yako wataiweka chini ya tumbo, karibu na nyonga.

Watataka pia uthibitisho kwamba ninyi ni ndugu kweli, maana figo haiuzwi wala hainunuliwi. Vipimo vya vinasaba havina adabu, vimeshavunja ndoa za watu. Ninyi ni wa baba mmoja, nakuhakikishia, lala usingizi. Lakini ukisikia ndugu mwingine kwenye ukoo wetu anasitasita kupimwa, usimshikilie kooni akupe sababu.

Baba yenu alikufa na kisukari. Kaka yako presha ilimla figo kimyakimya kabla hajafika miaka 35. Wewe una miaka 27. Ukimweleza daktari hayo matatu kwa pamoja, atakukunjia uso, na ana haki. Mtoaji wa miaka 55 ambaye sukari yake ni safi ameshaonyesha mwili wake ulivyo. Wako bado haujasema. Usiuchuje ukoo wako mbele ya daktari ili ufaulu. Mwambie yote.

Kuhusu hatari yenyewe, watakuja na namba, na kila mtu atachagua inayompendeza. Kufa kwa sababu ya upasuaji huo ni watu kama watatu kwa kila watoaji 10,000. Kwa miaka ya mbele, kuna utafiti mkubwa wa Marekani wa 2014 uliokadiria kwamba katika watoaji 10,000, wapatao 90 watapata ugonjwa wa figo wa mwisho, yaani figo kushindwa kabisa, katika maisha yao, na kwa watu wenye afya kama yao ambao hawakutoa ni 14. Anayetaka utoe atakwambia hatari ni chini ya mmoja kwa mia, na ni kweli. Asiyetaka atakwambia hatari imeongezeka mara sita, nayo ni kweli. Zibebe zote mbili. Na ujue kwamba katika utafiti huohuo watoaji weusi hatari yao ilikuwa kubwa kuliko ya weupe.

Linaloninyima usingizi ni jingine, na hakuna aliyelitaja kwenye kile kikao cha familia, labda kwa sababu waliokuwa wanaongea wote walikuwa wanaume. Hujazaa bado. Utafiti wa Kanada uliwafuatilia wanawake waliobeba mimba baada ya kutoa figo: presha ya mimba au ile hali inayotangulia kifafa cha mimba iliwapata 11 kwa mia, na 5 kwa mia kwa wenzao ambao hawakutoa. Wengi wao walijifungua salama pamoja na watoto wao, hilo nalo liko humohumo. Lakini kifafa cha mimba mimi nimekiona. Mwanamke anaingia wodini kwa miguu yake, uso umevimba, pete imekwama kidoleni, anakwambia kichwa kinamuuma na anaona vimulimuli. Unafunga mkanda wa presha, mizani ya zebaki inapanda na haitaki kushuka. Kuanzia hapo ni kukimbia. Ukitoa figo kisha ukashika mimba, kliniki yako haitakuwa ya kadi kupigwa muhuri na kurudi nyumbani. Kila hudhurio upimwe presha, kila hudhurio mkojo uangaliwe protini, na ujifungulie hospitali kubwa, hata mama mkwe aseme nini. Muulize daktari pia usubiri muda gani baada ya upasuaji. Au waweza kusema utazaa kwanza. Hilo ni jibu halali, ingawa kaka yako ataendelea kukaa kwenye kile kiti huku akisubiri, na miaka ya mashine nayo inamchosha moyo. Sikufichi upande wowote.

Mchumba wako mwambie kabla ya vipimo kuanza, asije akasikia kwa shangazi zake. Watu wake watauliza kama msichana mwenye figo moja ataweza kulima na kuzaa. Figo inayobaki hukua na kufanya kazi zaidi, mpaka inafikia karibu asilimia 70 ya kazi ya zile mbili, na mtu anaishi vizuri tu. Akikukimbia kwa hilo, mahari yake tutairudisha na chenji.

Shangazi yako yeye anauliza utafufuliwaje na kiungo pungufu. Huyo nimemwelekeza kwa sheikh wake.

Kwenye kikao, baba mkubwa alisema damu nzito kuliko maji na wewe ndiye unayefaa. Baba mdogo akajibu kwamba mtoto wa kike hajaolewa, asiguswe. Walibishana nusu saa kana kwamba shamba linagawanywa, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na namba yako ya simu, waliniomba mimi. Mdogo wako wa kiume alikaa pembeni akichezea simu, akasema ana kazi nyingi mwezi huu. Nimemwambia aende akapimwe. Duniani kote wanawake ndio wanaotoa figo zaidi, na wanaume ndio wanaopokea zaidi, na mimi sitaki nyumba yangu iingie kwenye hesabu hiyo kwa uvivu wa mtu. Akipimwa akawa hafai, sawa. Lakini apimwe.

Ukiwa hospitali, omba kuonana na daktari na ofisa ustawi wa jamii peke yako, bila kaka yako, bila mimi. Yule daktari anayemtibu kaka yako ana mgonjwa wake wa kumtetea; na wewe upate wa kwako. Waweza kughairi siku yoyote, hata ukiwa umeshavaa gauni la upasuaji. Na ukighairi, timu nyingi za upandikizaji zina desturi ya kuwaambia ndugu maneno mafupi tu, kwamba huyu hafai kutoa, basi. Sababu inabaki kati yako na wao. Hata mimi sitauliza.

Ukikubali, jiandae na mambo madogo pia. Upasuaji wa matundu madogo hujaza tumbo gesi, na siku ya kwanza na ya pili bega ndilo linalouma kuliko kidonda; usiogope, si moyo. Wiki sita hakuna kubeba ndoo wala mtoto wa mtu. Ongea na ofisa utumishi mapema. Sheria ya ajira inatoa siku 126 za ugonjwa ndani ya miezi 36, na 63 za kwanza ni kwa mshahara kamili, lakini watataka maandishi ya daktari mkononi. Diklofenaki na brufeni, hizo unazomeza ukipata hedhi, ziache kuanzia sasa, na zile dawa za mizizi za jirani yako ndiyo kabisa. Baada ya hapo kila mwaka upime presha, kreatinini (kile kipimo cha damu kinachoonyesha figo inavyofanya kazi) na mkojo, hata kama hujisikii chochote. Kaka yako naye hakuwa anasikia chochote.

Nije kwenye swali lako la pili. Ukisema hapana nitaumia, kwa sababu mimi ni mama yake. Ukisema ndiyo nitaumia, kwa sababu mimi ni mama yako. Maumivu hayo ni yangu na nitayapeleka ninakojua. Wewe utakuja Idi kama kawaida, utakula pilau, utaosha vyombo huku ukilalamika, na kaka yako atakaa pale na barafu yake. Na nikimsikia mtu anakutupia neno mezani kwangu, atamalizia chakula chake barazani.

Alhamisi nitakuwa Dar kwa kaka yako. Nikirudi nitapita Dodoma nikae siku mbili, kama chumba chako kina godoro la ziada. Baba mkubwa namba yako ameshaipata kwa mdogo wako. Akipiga usibishane naye. Mwambie mama amesema ampigie yeye.

Mama yako