Pete ya uchumba kwa mwanaume? Mvishe, dada

Dada, umeuliza kama ni aibu kumchumbia mpenzi wako wa miaka minne na kumvisha pete, maana shoga zako wanasema utaonekana umejipeleka. Mimi nasema mvishe.

Hiyo desturi wanayoitetea, kwamba pete ya uchumba ni ya mwanamke tu, si ya kale kama wanavyodhani. Wauza vito wa Marekani walijaribu kuuza pete za uchumba za wanaume miaka ya 1920, wakashindwa. Hata pete ya ndoa kwa mwanaume ilienea sana huko wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, askari wakienda mbali na wake zao. Mwaka 2021 kampuni ya vito ya Tiffany & Co. wakatoa pete za almasi za uchumba kwa wanaume.

Ila zungumzeni kwanza kuhusu ndoa yenyewe. Siku na pete vinaweza kuwa vya ghafla, wazo lisiwe. Na wapo wanaume wanaotamani sana kuuliza wao. Wako akiwa hivyo, ulizaneni wote wawili.

Umesema ni fundi magari. Hapo nakusihi: pete ikinasa kwenye mashine inaweza kuchuna kidole kizima. Mnunulie na ya silikoni, hiyo hukatika ikivutwa, ya chuma aiache nyumbani. Pima kidole jioni, kikiwa kimejaa kidogo, na uangalie inapita kwenye fundo. Kama huna hakika na kipimo, chukua dhahabu, sonara ataipanua. Ya tangsteni, ambayo ni ngumu mno, haipanuliki.