Anakoroma, na Wiki Ijayo Anapasuliwa

SWALI: Habari za kazi, madaktari. Mume wangu ana miaka 54, ana presha, na kukoroma kwake kunasikika hadi kwa jirani. Usiku pumzi hukatika, ananyamaza kimya, halafu anashtuka kama aliyekabwa. Wiki ijayo anapasuliwa ngiri. Nimsemee kwa daktari, au nitakuwa namwaibisha?
*Mama wa Morogoro*

JIBU: Msemee, mama, na usisubiri asubuhi ya upasuaji. Mwenyewe hulala fofofo, hajui kinachompata. Shahidi ni wewe. Anayepaswa kusikia kwanza ni daktari wa usingizi, yaani wa nusu kaputi na ganzi, kwa kuwa ndiye atakayelinda njia yake ya hewa.

Mwenye tatizo hili la pumzi kukatika usingizini akilala, misuli ya koo hulegea, ulimi na nyama laini za kaakaa zikarudi nyuma na kuziba. Oksijeni ikishuka, ubongo humshtua, koo likafunguka. Kushtuka huko ndiko kunakomwokoa kila usiku. Sasa mpe nusu kaputi, kisha dawa kali za maumivu kama mofini au pethidini wodini, au diazepamu ya kumtuliza: koo linalegea zaidi, na ubongo unachelewa kumwamsha. Ndiyo maana hatari kubwa mara nyingi haipo mezani, ambako kuna mtu anayemwangalia kila dakika, bali usiku wodini.

Madaktari wengi hutumia dodoso la STOP-Bang, lililotungwa Toronto, lenye maswali 8: je, anakoroma kwa sauti, anachoka mchana, ameonwa pumzi ikikatika, ana presha, uwiano wa uzito na urefu (BMI) umezidi 35, umri umezidi miaka 50, shingo imezidi sentimita 40, ni mwanamume? Kila "ndiyo" ni alama 1, na kuanzia 5 hatari ni kubwa. Kwa maelezo yako tu mumeo ameshafika 5. Hata hivyo mpime shingo kwa futi ya fundi cherehani, uende na jibu.

Si lazima upasuaji uahirishwe eti kwa sababu hajafanyiwa kipimo cha usingizi cha usiku kucha. Ila kama presha haijatulia, au oksijeni iko chini hata akiwa macho, hayo yashughulikiwe kwanza. Ulizeni pia kama ngiri hiyo inaweza kufanywa kwa ganzi ya mgongoni au ya eneo lenyewe. Ni njia nzuri kwake, mradi asiongezewe dawa nyingi za kumsinzisha. Akiongezewa, faida yenyewe inapotea. Ikibidi nusu kaputi, mpira wa kupumulia hutolewa akiwa ameamka kabisa, nguvu za misuli zimerudi, na kitanda kimeinuliwa upande wa kichwa.

SWALI: Pumzi yangu hukatika usingizini, nami natumia mashine ya CPAP, ya kusukuma hewa kooni, nyumbani. Hospitali wana oksijeni. Kuna haja ya kuibeba?
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Ibebe, pamoja na barakoa yako, mpira wake, waya wa umeme na karatasi yenye kiwango chako cha mgandamizo. Barakoa isiyokutosha huvujisha hewa. Oksijeni haifungui koo. CPAP husukuma hewa ikalishikilia wazi. Tena oksijeni peke yake inaweza kuwadanganya wauguzi: kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni kinasoma asilimia 97, kumbe pumzi ni hafifu, kaboni dayoksaidi inapanda na mgonjwa anazidi kusinzia.

Uivae kila unapolala, hata usingizi wa mchana. Omba kitanda kilicho karibu na soketi. Kama uliiacha kabatini, irudie tangu sasa. Ikiwa unapasuliwa pua, uso au tumbo la chakula, muulize kwanza daktari mpasuaji lini unaruhusiwa kuivaa.

SWALI: Dada yangu ana tatizo hili la pumzi kukatika usingizini. Ameruhusiwa siku moja baada ya upasuaji, yuko vizuri. Hatari imekwisha?
*Kaka, Dodoma*

JIBU: Bado. Maumivu na dawa hupunguza usingizi wa ndoto usiku wa kwanza, kisha hurudi kwa nguvu, hasa usiku wa 2 hadi wa 4. Katika usingizi huo misuli hulegea kuliko wakati wowote.

Alale ubavu, au aegemee. Mito ianzie mgongoni na mabegani; ukirundika kichwani tu, shingo inakunjwa na hewa inabanwa. Paracetamoli gramu 1 kila saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku, inamfaa mtu mzima wa zaidi ya kilo 50 asiye na ugonjwa wa ini. Aongeze ibuprofeni kama daktari ameiruhusu, maana figo na vidonda vya tumbo huikataza. Tramadoli au kodeini, ambazo ni jamii ya mofini, zibaki za dharura, kwa dozi ndogo aliyoandikiwa. Pombe, vidonge vya usingizi na dawa za mafua zinazosinzisha, piritoni ikiwemo, asiguse.

Akiwa amelala, mhesabie pumzi dakika nzima. Zikiwa chini ya 10, au midomo imegeuka buluu, au haamki vizuri ukimwita na kumtikisa, mlaze ubavu, mwinue kidevu, na mumkimbize hospitali na dawa zote alizomeza.