Mtoto hasemi, na fundi anataka kumkata udata

SWALI: Habari za kazi. Mwanangu wa kiume ana miaka miwili na miezi minne, anasema “mama” na “tata” tu. Nauza vitumbua tangu alfajiri, namwacha kwa jirani hadi jioni, na huko anashinda kwenye katuni. Bibi yake anasema ana udata, na kuna mzee anakata kwa shilingi 20,000. Nimpeleke? (Mama wa Mbagala)

JIBU: Usimpeleke, dada yangu. Hiyo elfu ishirini iwe nauli ya hospitali.

Haipiti wiki bila kuletewa mtoto aliyekwisha kukatwa udata (ule utando unaoshika ulimi kwa chini), au kimeo (kile kinyama kinachoning’inia kooni), na bado hasemi. Inaniuma, kwa sababu mara nyingi jibu lilikuwa wazi kabla ya wembe. Barua yako inalo. Tamka “tata” polepole: ncha ya ulimi inapanda nyuma ya meno ya juu. Ulimi wa mwanao unafika pale. Na “mama” na “baba” ni kazi ya midomo. Udata mkubwa unaweza kumsumbua mtoto kunyonya, na pengine baadaye kuharibu sauti chache kama “r”, lakini mtoto huyo maneno anayo, ila anayatamka vibaya. Wako hana maneno. Maneno hayakai chini ya ulimi. Huingia kwa masikio, tena kwa kusemeshwa.

Kwa hiyo anza na masikio. Simama nyuma yake, mwite kwa sauti ya kawaida. Kisha mwambie “lete kijiko” bila kukitazama wala kukinyooshea kidole. Wazazi huniambia, “Anasikia, muziki ukipigwa anacheza.” Mtoto anaweza kuisikia ngoma na asisikie “s” wala “f”. Hata akiitika, omba rufaa kwa wataalamu wa masikio, pua na koo apimwe. Waambie kama sikio limewahi kutoa usaha, kama haonyeshi kwa kidole anachotaka, au kama kuna maneno aliyokuwa nayo yakapotea.

Kuhusu katuni: Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka miwili asizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini. Katuni haimsubiri mtoto ajibu. Wewe unaweza. Unapomwogesha jioni, taja unachoshika, nyamaza, hesabu moyoni hadi tano. Akisema “ma”, mwambie, “Maji! Unataka maji.” Mwombe na jirani afanye hivyo. Kama lugha yako ya nyumbani ni Kimakonde, sema naye Kimakonde; lugha mbili hazimcheleweshi mtoto.

Wala usidhani haya ni ya wenye uwezo. Jijini Kingston, Jamaika, miaka ya 1980, watoto 129 waliodumaa, wa familia maskini, waliingizwa kwenye utafiti. Baadhi yao walitembelewa nyumbani saa moja kila wiki kwa miaka miwili, mama akifundishwa kucheza na kuzungumza na mwanawe kwa vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa mikono. Miaka 20 baadaye, waliotembelewa hivyo walikuwa na kipato cha asilimia 25 zaidi ya wenzao.

Mafundi wa udata na kimeo hawapimi masikio. Hawaulizi mtoto anaelewa nini. Wanafungua mdomo, na kila mdomo wanaoufungua wanaona cha kukata. Na miezi inayopotea mzazi akisubiri kidonda kipone na maneno yatoke ndiyo miezi mtoto anayojifunza upesi kuliko atakavyojifunza tena. Wembe huo unaweza kumwachia damu isiyokatika, usaha kooni, au virusi vya UKIMWI na homa ya ini kutoka kwa mtoto aliyekatwa kabla yake.

Unayesoma hapa na wako amekwisha kukatwa: akitoka damu, akipata homa au akishindwa kumeza, mkimbize hospitali leo hii, na useme wazi alichofanyiwa. Usione haya, muuguzi akijua mapema atamhudumia ipasavyo.