Yule mtoto aliyenyamaza

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza kama kuna haja ya kukaa chuoni miaka yote hiyo ukisoma saikolojia ya makuzi, yaani jinsi akili na hisia za mtu zinavyokua, ilhali unachotaka ni kazi ya kuhudumia watu, na wenzako wanakwambia kazi hiyo inataka moyo tu. "Mbona wewe, mama, uliuguza watoto bila kuisoma?" umeandika.

Ni kweli. Na kwa sababu hiyohiyo nataka wewe uisome.

Nilipokuwa mgeni katika uuguzi, wodini kwetu alilazwa mtoto wa kike wa miaka miwili. Mama yake aliruhusiwa kumwona saa moja tu kwa siku. Siku mbili za mwanzo mtoto alisimama kitandani, ameng'ang'ania vyuma, analia mpaka sauti ikamkauka. Siku ya tatu kilio kikapungua. Akawa analala ubavu, kidole mdomoni, uso ukutani. Wiki ya pili alikuwa anakula vizuri na kumnyooshea mikono muuguzi yeyote aliyepita. Tukafurahi, tukasema amezoea. Kwenye faili lake niliandika kwa mkono wangu: "Mtoto ametulia." Jioni hiyo mama yake alipofika, mtoto alimtazama kama asiyemjua, kisha akageukia ukuta. Mama wa watu akatoka analia, na sisi tukanong'onezana kwamba anamsumbua mtoto.

Miaka mingi baadaye, kwenye semina, nikasikia habari za James Robertson, mtafiti wa Uingereza aliyetoa mwaka 1952 filamu ya mtoto wa umri kama huo aliyelazwa siku 8. Yeye na daktari wa akili John Bowlby walieleza kuwa mtoto mdogo akitenganishwa na mlezi wake kwanza hulia na kupinga, kisha hukata tamaa, mwisho moyo wake hujitenga. Hiyo ya mwisho ndiyo tuliyoiita kuzoea. Nilishindwa kuendelea kuandika. Huko Uingereza, ripoti ya serikali ya mwaka 1959 ilipendekeza wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao wakati wowote. Sisi tulikuwa bado tunahesabu saa.

Moyo nilikuwa nao tele, mwanangu. Sikujua tu kwamba mtoto wa miaka miwili anaweza kuumia huku akila vizuri.

Somo hili litakuzoesha kuuliza umri kabla ya kuhukumu tabia. Mwanasaikolojia Jean Piaget alimimina maji kutoka glasi pana kwenda glasi nyembamba ndefu mbele ya watoto, na wa miaka minne hivi wakasema maji yameongezeka. Hawakuwa waongo wala wajinga. Ndivyo wanavyofikiri katika umri huo. Ukija kumhoji mtoto kama huyo kuhusu jambo zito lililompata, utashukuru kwamba unalijua hilo. Wala usidhani ni habari za watoto peke yao. Mwanasaikolojia mwingine, Erik Erikson, aliyagawa maisha ya mtu katika hatua nane, hadi uzeeni. Mzee anayekusimulia tena na tena maisha yake tangu mwanzo huenda anayapima kama yalikuwa na maana. Mpe nafasi amalize.

Ila usiyasome haya kama ramli. Mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia kwa miongo kadhaa watoto waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii. Kati ya waliokulia kwenye shida nyingi, kama theluthi moja walikua wakawa watu wazima wanaojimudu na kujali wengine. Wengi wao walikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyewapenda bila kuyumba, awe bibi, awe mwalimu. Nilipolisikia hilo nilimkumbuka tena yule mtoto, na mikono yake.

Nikwambie pia ukweli wa kazi: shahada ya kwanza peke yake haikufanyi mwanasaikolojia wa tiba; huko kunataka masomo zaidi na usajili. Lakini itakuandaa kwa kazi za ustawi wa jamii, malezi ya watoto wadogo au huduma kwa wazee. Tafuta chuo chenye mafunzo kwa vitendo ya miezi, si ya siku chache. Na takwimu usizikimbie, maana bila hizo utaamini kila utafiti utakaoletewa.

Ukipata orodha ya masomo ya mwaka wa kwanza, nitumie tuipitie pamoja kabla hujajaza fomu.

Mama yako