Wasomaji Wanauliza: Kunguru Wanaolea Makinda Mjini

Nakaa ghorofa ya 4 hapa Nakuru. Kunguru wawili, wale weusi wenye kifua cheupe, wamejenga kwenye mnara wa simu ulio mkabala na dirisha langu, umbali wa mita 60 hivi. Kiota kiko juu kuliko mimi, siwezi kuona ndani. Wiki iliyopita nilisikia kilio cha makinda, lakini wazazi hawaonekani kuhangaika na chakula. Nitajuaje kama wametaga, wameangua, au wamekihama?
*Msomaji, Nakuru*

Kilio ulichosikia huenda si cha makinda hata kidogo. Jike anayeatamia humwomba dume chakula kwa sauti na mwendo wa kinda: hushusha mabawa, huyatetemesha, hufungua mdomo na kulia. Waangalizi wengi huandika "wameangua" siku hiyo, na kuanzia hapo hesabu yao yote huenda kombo. Ifute tarehe hiyo kwenye daftari lako, uanze upya.

Huhitaji kuona ndani ya kiota. Kiota husomwa kutoka nje, kwa kuwatazama wazazi. Darubini ya 8×42, yaani inayokuza mara 8 na yenye lenzi ya mbele ya milimita 42, inatosha kabisa kwa mita 60. Ya 10 huonyesha zaidi, lakini mkono ukitikisika kidogo tu picha inacheza, basi iegemeze kwenye fremu ya dirisha. Kaa saa 1, mara 3 kwa wiki, wakati uleule, na bora iwe asubuhi kuanzia saa 12 na nusu. Kukaa saa 5 Jumamosi moja kisha kupotea wiki mbili hakutakusaidia, kwa sababu unachotafuta ni mabadiliko ya siku hadi siku.

Andika mambo manne: saa ndege alipofika, alikotokea, amekaa kiotani dakika ngapi, na koo lake lilikuwaje. Hilo la mwisho ndilo wengi hulisahau. Kunguru hana haja ya kubeba chakula mdomoni kama shomoro. Ana kifuko chini ya ulimi. Akija na chakula, utaona sehemu ya chini ya mdomo imetuna kama ameficha embe dogo, akiondoka, imesinyaa. Usipolitazama koo utaapa kwamba wazazi hawaleti kitu, kama ulivyodhani wewe.

Hatua zenyewe zinakwenda hivi. Ujenzi huchukua wiki 1 hadi 3. Vijiti vinene huja kwanza, halafu vyembamba, na vipande vya waya mahali palipo na mafundi. Ukiona sasa wanabeba vitu laini, yaani matambara, manyoya, nyuzi za katani au sufi, jua kutaga kumekaribia. Jike huweza kukaa kiotani siku kadhaa kabla ya yai la kwanza, kwa hiyo kukaa peke yake si ushahidi. Ushahidi ni kukaa kwa muda mrefu bila kuinuka: kutoka chini utaona ncha ya mkia upande mmoja na mdomo upande wa pili, naye dume anamletea chakula. Kwa kawaida hutaga mayai 4 au 5 na kuyaatamia siku 18 hadi 19.

Siku ya kuangua, tabia ya jike hubadilika. Huinuka mara kwa mara, huinamisha kichwa ndani hadi mabega, hutulia, kisha hukaa tena kwa kujitikisa taratibu. Baada ya hapo wazazi wote wawili huja na koo limejaa, na huondoka na kitu cheupe mdomoni: ama ganda la yai, ama kinyesi cha kinda, ambacho hutoka kikiwa kimefungwa katika utando kama kifuko. Siku ya kwanza kuona vifuko hivyo ndiyo tarehe ya kuandikwa kwa wino. Hesabu kurudi nyuma siku 18 au 19, utapata siku jike alipoanza kuatamia.

Vichwa huanza kuonekana ukingoni kama wiki ya 3, na jike haoni tena haja ya kuwafunika mchana, isipokuwa jua likiwa kali: husimama ukingoni mabawa wazi nusu, kivuli kiwaangukie makinda. Makinda wakikua hunyea nje, na michirizi myeupe huonekana kwenye vyuma chini ya kiota. Wiki ya 5 wanasimama ukingoni wakipigapiga mabawa. Huondoka kati ya wiki ya 5 na ya 6, wengine huchelewa kidogo, na wazazi huendelea kuwalisha kwa wiki kadhaa baada ya hapo.

Usiseme kimehamwa kwa sababu ya saa moja ya ukimya. Jike anayeatamia vizuri ni ndege mkimya mno. Vipindi 3 mfululizo, asubuhi ya baridi, bila mkia, bila mdomo, bila mzazi yeyote karibu: hapo ndipo una haki ya kuandika "kimeshindwa". Sababu za kawaida ni upepo na mvua kubwa, mafundi wa mnara kusafisha, na kunguru wengine kuiba mayai. Kama unawafahamu wanaosimamia mnara huo, waombe wasubiri wiki chache. Kiota kikiwa juu ya transfoma au nyaya za umeme ni jambo jingine: vipande vya waya vinaweza kuunganisha nyaya mbili na kusababisha hitilafu na moto. Hapo piga simu shirika la umeme, wala usiguse kwa mti wala kwa chochote.

Nilihesabu vichwa vinne, sasa naona viwili. Nani amewala?
*Msomaji, Dodoma*

Huenda hakuna aliyewala. Jike huanza kuatamia kabla hajamaliza kutaga, kwa hiyo makinda hawaanguliwi siku moja. Wa kwanza akishapata siku 3 za kula, wa mwisho bado ni kinyama kisicho na nguvu ya kuinua shingo, na mzazi humlisha anayefungua mdomo juu zaidi. Chakula kikiwa tele, wote hukua. Kikipungua, wadogo hufa kwanza, na mzazi huweza kuwatoa nje au hata kuwala. Inauma kutazama, lakini kwa njia hiyo wawili hutoka na afya badala ya wanne kudhoofika pamoja.

Tazama pia kama kati ya waliobaki kuna mmoja asiyefanana na wenzake: wa rangi ya kijivu-kahawia, madoa meupe mgongoni, kishungi kichwani na wekundu wa kutu kwenye mabawa. Huyo ni kinda wa kekeo mkubwa mwenye madoa, ambaye katika Afrika hutaga kwenye viota vya kunguru hawa. Hawasukumi nje wenzake kama wafanyavyo baadhi ya kekeo. Huwashinda kwa kuanguliwa mapema na kulia sana. Ukimwona, andika kila kitu, maana ni jambo ambalo mtu anaweza kutazama viota miaka mingi asilione.

Hapa Mombasa tuna kurabu kila mwembe. Je, naweza kutumia hesabu hizohizo kwao?
*Msomaji, Mombasa*

Hapana. Kurabu ni kunguru wa Bara Hindi, mwenye shingo ya kijivu, mwembamba, bila weupe wa kifua. Huatamia siku 16 hadi 17, na makinda huondoka baada ya wiki 3 hadi 4. Tena hutaga kwa ujirani: mti mmoja unaweza kuwa na viota kadhaa, kwa hiyo chora mti na uvipe namba, la sivyo utawachanganya wazazi.

Nasi hatuwatazami kwa jicho lilelile. Kurabu waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale takataka, na Mombasa walionekana mwaka 1947. Tangu hapo wamekula mayai na makinda ya kwera, chozi na ndege wengine wadogo, na kunguru wetu mwenye kifua cheupe amepungua sana katika miji ya pwani. Juni 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya lilitangaza mpango wa kuwaua milioni 1. Mchango wako bora ni kumbukumbu safi: aina ya mti, urefu wa kiota, tarehe, ndege walioshambuliwa. Wapelekee wanaohusika. Usitege sumu mwenyewe; mbwa wa jirani na mwewe wanaokula mizoga watakufa nayo.

Watoto wameokota kinda la kunguru chini ya mkaratusi na kulileta nyumbani. Tunalilisha mkate na maziwa. Tumefanya vibaya?
*Mama wa watoto watatu, Morogoro*

Mama, nia ni njema, lakini mkate na maziwa acheni leo hii. Ndege hameng'enyi maziwa. Atahara na kupoteza maji mwilini. Na msimmiminie maji mdomoni: tundu la pumzi liko palepale nyuma ya ulimi, na matone machache tu yakiingia humo huenda mapafuni.

Sasa mtazameni. Kama ana manyoya karibu kamili, mkia mfupi, macho ya kijivu-buluu na pembe za mdomo bado nyekundu-pinki, na anaweza kushika kidole chako kwa nguvu, basi hakupotea. Kunguru wadogo hutoka kiotani kabla hawajajua kuruka vizuri, na hukaa siku kadhaa wakirukaruka matawini na chini. Mrudisheni alipookotwa, juu ya tawi lisilofikiwa na paka na mbwa, muondoke mita 50 na kutazama kwa saa 1 au 2. Wazazi hawamkatai kwa sababu ameshikwa na binadamu. Hayo ni maneno tu.

Kama yuko uchi au ana vijiti vya manyoya tu, yaani manyoya ambayo hayajafunguka, ameanguka kweli. Chukueni kikapu kidogo chenye matundu ya kupitisha maji, wekeni majani makavu, kifungeni imara kwenye tawi la kivulini karibu na mti huohuo, urefu wa mita 2 au zaidi. Wazazi wakimsikia akilia watamlisha humo. Jioni ikifika bila mzazi kuja, muingizeni ndani kwenye boksi lenye joto, mpeni vipande vidogo vya yai la kuchemsha au nyama mbichi isiyo na chumvi, ukubwa wa punje ya maharage, kila saa mchana, na muwatafute watu wa wanyamapori. Angalieni miguu pia: mara nyingi uzi wa mshipi au nyuzi za gunia zilizobebwa kujengea kiota huwa zimefunga kidole. Kateni kwa mkasi mdogo kabla ya kumrudisha.

Nipo London. Wale kunguru wakubwa wa Mnara wa London, ile ngome ya kale, ni jamaa wa kunguru wetu? Na je, wa porini hutaga mjini?
*Msomaji, London*

Ni ukoo mmoja, lakini huyo ndiye kunguru mkubwa, *Corvus corax*: huweza kuzidi kilo 1, urefu kama sentimita 63, sauti nzito ya kooni, na mkia ambao angani huchongoka katikati kama kabari. Kunguru mweusi unayemwona kila siku kwenye bustani za London ni mdogo zaidi na mkia wake ni wa mviringo kidogo tu. Ndege wa Mnara hulishwa na kutunzwa na walinzi, nao walipata makinda 4 mwaka 2019, wa kwanza kuanguliwa hapo tangu 1989. Kuangua kulianza tarehe 23 Aprili.

Wa porini nao hutaga kwenye minara ya makanisa, majengo marefu na machimbo ya mawe. Huwahi mno. Mayai, 4 hadi 6, huwa tayari Februari au Machi, na jike huatamia peke yake kama wiki 3 hata theluji ikianguka mgongoni, akikingwa na sufu ya kondoo iliyotandikwa ndani ya vijiti. Makinda hukaa kiotani wiki 5 hadi 7. Kwa hiyo anza kutazama Januari, wakati wanapobeba vijiti. Ukingoja joto la Mei utakuta kiota kitupu. Sheria ya mwaka 1981 ya huko inakataza kuharibu kiota cha ndege wa porini kinachojengwa au kinachotumika.

Kunguru wa karibu na geti letu wananirukia kichwani kila asubuhi. Na kijana wangu ana droni, anataka kuwapiga picha. Ushauri?
*Msomaji, Nairobi*

Droni hapana. Wazazi huishambulia na panga zake huwakata, na makinda waliokaribia kuruka hushtuka na kujitupa kabla mabawa hayajakomaa. Baada ya wiki ya 4 hata mtu kupanda mti jirani hutosha kuwatoa. Simu ikiwekwa sawasawa kwenye lenzi ya darubini hutoa picha nzuri kabisa kutoka mita 50.

Kurukiwa hutokea siku chache tu, makinda wanapokuwa ukingoni au chini. Hushambulia kutoka nyuma. Fungua mwavuli, au pita ukiwa umegeuza uso kuwaelekea, na usiwarushie jiwe: kunguru huzikumbuka sura za watu waliowasumbua, nao watakupokea vivyo hivyo msimu ujao. Kama kuna njia ya pili kutoka getini, itumie kwa wiki 2.