Ukiomba Chuo kwa Mtandao, Akaunti Iwe Yako

Mwezi Agosti mwaka 2019 niliona jina langu katika orodha ya waombaji waliochaguliwa na zaidi ya chuo kikuu kimoja. Kwa mtoto wa mkulima wa mahindi kutoka Ludewa, mkoani Njombe, hiyo ilikuwa habari ya kumfanya mama apige vigelegele, naye kweli alivipiga. Furaha hiyo ilidumu siku mbili tu. Ili kuithibitisha nafasi yangu katika chuo kimoja kati ya hivyo, nilitakiwa kuingiza namba maalumu ya siri iliyotumwa kwa ujumbe mfupi, na ujumbe huo ulikuwa umekwenda kwenye simu ya kijana wa steshenari ambaye sikulijua hata jina lake la pili.

Ilikuwa hivi. Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka Julai, baba alinipeleka Njombe mjini, kwa kuwa kijijini kwetu mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Steshenari ile ilikuwa na kompyuta tatu na foleni ya wahitimu iliyofika barabarani. Mhudumu alikuwa mkarimu na mwepesi wa kazi. Aliniuliza namba yangu ya mtihani, akaniuliza nataka kusoma nini, na alipogundua kwamba sina barua pepe wala laini ya simu iliyo yangu, akajaza zake ili tusipoteze muda. Nenosiri alilibuni mwenyewe na kuliandika katika daftari lake. Kwa dakika 20 hivi nikawa nimeomba vyuo viwili, nikalipa, nikaondoka nikiwa na risiti na hakika kwamba kazi imekwisha. Niliporudi mwezi mmoja baadaye kuitafuta ile namba ya siri, kijana alikuwa ameacha kazi, simu yake haipatikani, na daftari halionekani. Nilijaribu kubadilisha nenosiri, lakini kiungo cha kulibadilishia kilitumwa kwenye barua pepe ileile ambayo haikuwa yangu. Nilipofanikiwa kuzungumza na ofisi ya udahili na kuthibitisha kwa vyeti kwamba mimi ndiye mwenye maombi yale, muda wa kuthibitisha ulikuwa umepita. Nilipata nafasi katika awamu iliyofuata, katika kozi niliyoiweka chaguo la tatu.

Leo mimi ni mwalimu, na ualimu ninaupenda kwa moyo wote. Hata hivyo, tangu mwaka ule, kila Julai hukaa na wahitimu wa kidato cha sita wa kijijini kwetu tukajaza maombi yao pamoja, na jambo la kwanza ninalowaambia, kabla ya kuzungumzia kozi au chuo, ni kwamba akaunti ya kuombea chuo ni mali yao kama kilivyo cheti cha kuzaliwa. Ninayoyaandika hapa ni yale ambayo ningependa mtu angeniambia mimi na baba yangu kabla hatujapanda basi la kwenda Njombe.

Maandalizi yaanze kabla ya matokeo. Mtihani wa kidato cha sita humalizika mwezi Mei, na matokeo hutoka Julai au karibu na hapo, kwa hiyo mhitimu ana majuma kadhaa ambayo wengi huyatumia kusubiri tu. Katika kipindi hicho fungua barua pepe kwa jina lako kamili, na uandike nenosiri lake katika daftari linalokaa nyumbani. Pata laini ya simu iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako; kama bado huna namba ya kitambulisho cha taifa, tumia angalau laini ya mzazi unayeishi naye, wala usitumie ya rafiki au ya mtu wa dukani. Wale wanaoitwa katika mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa, yaani JKT, kwa mujibu wa sheria wana jukumu la ziada: kabla ya kuondoka nyumbani, wakubaliane na mtu mmoja wanayemwamini ambaye atabaki na ile laini ikiwa hewani, na ambaye anajua kusoma ujumbe na kuuchukulia hatua siku hiyohiyo.

Wakati huohuo yaweke majina yako mezani. Chukua cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na kitambulisho, uyasome majina herufi kwa herufi. Nimekutana na binti ambaye cheti chake cha kuzaliwa kina majina mawili na cha kidato cha nne kina matatu, na kijana ambaye jina la ukoo lina herufi moja zaidi upande mmoja. Tofauti ya namna hii huweza kusuluhishwa kwa hati ya kiapo au kwa marekebisho ya cheti, lakini inachukua muda na nauli, nawe hutaki kuigundua wakati dirisha la maombi, yaani kipindi cha kuomba, limebakiza siku tatu. Cheti cha kuzaliwa nacho kihakikiwe mapema RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, au kwa wakala wa usajili wa Zanzibar kwa waliozaliwa huko, kwa sababu utakihitaji kikiwa kimehakikiwa utakapofika kwenye maombi ya mkopo wa elimu ya juu.

Baada ya matokeo, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, hufungua dirisha la kwanza la udahili na kutoa mwongozo unaoonyesha kozi za kila chuo na sifa zake. Mwongozo huo hupatikana bure katika tovuti ya Tume, na ndio kitabu ninachotamani kila mhitimu akisome kabla hajamsikiliza mtu yeyote, mimi nikiwamo. Sababu ni kwamba makosa makubwa kuliko yote ninayoyaona yanatokana na kuchanganya hesabu mbili za pointi. Katika hesabu ya divisheni ya Baraza la Mitihani, A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na E ni 5, kwa hiyo aliye na pointi chache ndiye aliyefaulu zaidi. Katika hesabu ya udahili mambo hugeuka: A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S, alama iliyo chini ya E, ni nusu pointi, kwa hiyo mwenye pointi nyingi ndiye anayetangulia. Mimi nilikuwa na tahasusi ya CBG, yaani Kemia, Biolojia na Jiografia, nikapata C ya Jiografia, C ya Biolojia na D ya Kemia. Kwa Baraza nilikuwa na daraja la pili la pointi 10. Kwa udahili, masomo yangu mawili ya juu yalinipa pointi 6. Ukimwambia mtu anayekushauri kwamba una pointi 10 bila kusema ni za hesabu ipi, ushauri wote unaofuata unaweza kuwa umejengwa juu ya msingi usio sahihi.

Sharti la jumla kwa anayetoka kidato cha sita ni kufaulu masomo mawili kwa alama ya A hadi E, yale ambayo wanafunzi huyaita prinsipo, na jumla ya pointi za masomo hayo mawili isipungue 4. C na E zinatosha, D na D zinatosha pia, lakini D na E hazitoshi. Somo la General Studies, ambalo shuleni tunaliita GS, halihesabiwi humo, na nimewaona waliolihesabu. Zaidi ya sharti hilo la jumla, kila kozi hutaja masomo yake: anayetaka udaktari wa binadamu lazima awe amefaulu Fizikia, Kemia na Biolojia zote tatu, na kozi nyingine huangalia hata alama ya Hisabati ya kidato cha nne. Soma mstari wa kozi yako hadi mwisho. Kisha ukumbuke kwamba sifa iliyoandikwa pale ni kiwango cha chini cha kuruhusiwa kushindana. Kozi yenye nafasi chache na waombaji wengi huchukua wa juu kwanza, na mwenye sifa ya chini kabisa anaweza kukosa bila mtu yeyote kumdhulumu. Ndiyo maana ninawashauri wapange chaguo la kwanza kwa moyo, la pili na la tatu kwa hesabu, na la mwisho liwe kozi ambayo wana uhakika kuwa wamevuka sifa zake kwa mbali na ambayo wako tayari kweli kuisoma kwa miaka mitatu au zaidi. Hilo la mwisho ninalisema kwa uzito, kwa sababu mfumo hauwezi kujua kwamba ulijaza nafasi ile ili tu isibaki wazi.

Kati ya mwaka 2010 na 2016 maombi yote yalipitia mfumo mmoja wa pamoja uliosimamiwa na TCU. Tangu mwaka 2017 mwombaji huomba moja kwa moja katika kila chuo, na maana yake kwako ni kwamba ukiomba vyuo vitatu utakuwa na akaunti tatu, malipo matatu na kurasa tatu za kufuatilia. Tumia barua pepe moja na namba moja ya simu kotekote. Andika katika daftari jina la chuo, anwani ya tovuti yake, jina la kuingilia, nenosiri, namba ya malipo ambayo wengi huiita kontroo namba, na tarehe uliyolipa. Baba zetu waliandika madeni ya mbolea katika daftari la namna hiyo, na linafaa kuliko kumbukumbu ya simu inayoweza kuibwa kwenye basi.

Ujazaji wenyewe si mgumu, ila unataka utulivu. Namba ya mtihani wa kidato cha nne ndiyo mlango: herufi S kwa mtahiniwa wa shule au P kwa mtahiniwa wa kujitegemea, namba ya kituo, mkwaju (/), namba ya mtahiniwa, mkwaju, na mwaka. Tarakimu moja ikikosewa, mfumo unaweza kuleta matokeo ya mtu mwingine kabisa, kwa hiyo jina likitokea kwenye kioo lisome kabla ya kuendelea. Aliyefanya mtihani zaidi ya mara moja aziingize namba zote anazotaka zihesabiwe, na namba ile ya kidato cha nne aliyoitumia hapa ndiyo aje aitumie tena Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, kwa kuwa Bodi hulinganisha taarifa za mkopo na za udahili kwa namba hiyo. Ukimaliza, hakikisha umewasilisha. Mwanafunzi mwenzangu wa darasa moja alijaza kila kitu, akalipa, akapakia picha, kisha akafunga kompyuta bila kubonyeza kitufe cha mwisho, naye alibaki akisubiri jina ambalo halingeweza kutoka.

Kama kwenu hakuna mtandao wa kuaminika, nenda steshenari bila aibu. Wahudumu wengi ni watu wema na wana uzoefu ambao mwalimu wako hana. Lakini keti pembeni ya mhudumu ukitazama kioo, umsomee barua pepe yako mwenyewe, umpe namba yako mwenyewe, nenosiri ulitunge na kuliandika kwa mkono wako, na ombi likikamilika uhakikishe ametoka katika akaunti. Ukirudi nyumbani jaribu kuingia kwa simu. Ukishindwa siku hiyo, bado upo muda wa kurekebisha. Mimi niligundua baada ya mwezi mzima.

Maombi ya mkopo ni safari nyingine inayokwenda sambamba na hii, nayo inastahili makala yake. Kwa sasa nitasema tu kwamba dirisha la Bodi ya Mikopo lina tarehe zake, kwamba fomu yake inahitaji saini ya mdhamini, ya kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji na ya kamishna wa viapo, na kwamba watu hao hawapatikani wote kwa siku moja. Usisubiri kwanza upate chuo ndipo uanze.

Majina yakitoka, aliyechaguliwa na chuo kimoja apumue na kufuata maelekezo ya chuo hicho. Aliyechaguliwa na zaidi ya kimoja hana nafasi kamili mpaka athibitishe, na muda wa kufanya hivyo ni siku chache zinazotangazwa na TCU. Ile namba ya siri huja kwa simu au barua pepe uliyojisajilia. Isipofika, ingia katika akaunti ya chuo unachokitaka uombe itumwe tena. Kabla ya kuiingiza, kaa na wazazi mhesabu ada, nauli na mahali pa kulala, kwa maana chuo kilichokuwa chaguo la moyo Julai kinaweza kuwa hakibebeki Agosti. Ukikosa kabisa katika dirisha la kwanza, angalia orodha ya kozi zenye nafasi zilizobaki katika dirisha la pili, na uombe upya ukiwa umejua kilichokuangusha.

Mwaka jana, miongoni mwa tuliokaa nao, alikuwapo binti aliyetumia laini ya bibi yake kwa sababu ndiye anayemlea. Tulimfundisha bibi kuufungua ujumbe na kuusoma kwa sauti. Binti alikuwa kambini JKT namba ya siri ilipoingia. Bibi alitembea hadi nyumbani kwangu na simu ndogo mkononi, tukafungua daftari la mjukuu wake, tukaingia katika akaunti na kuthibitisha chuo walichokubaliana kabla hajaondoka, jua likiwa halijazama.