Kodi huja kwa mkupuo, rejesho huja kila mwezi

Maswali ya wasomaji kuhusu nyumba za kupangisha

SWALI: Nina kiwanja Kivule, mita 20 kwa 25, nilichonunua kwa karatasi za mauziano za serikali ya mtaa. Nina akiba ya shilingi milioni 18. Nataka kukopa milioni 40 nijenge vyumba vitano vya masta, kila kimoja nikipangishe kwa 150,000 kwa mwezi. Je, kodi italipa mkopo? (Msomaji, Kivule)

JIBU: Dada yetu, kwa mkopo wa kiasi hicho haitatosha. Tupige hesabu. Milioni 40 kwa riba ya asilimia 17 kwa mwaka, kwa miaka 10, rejesho ni kama 695,000 kwa mwezi. Vyumba vitano vikijaa vinaleta 750,000, na hapo wengi hujiona wamefaulu. Lakini chumba hakikai na mpangaji miezi yote 12. Akihama mtu kuna kupaka rangi, kubadilisha kitasa, kumsubiri dalali alete mwingine. Weka kwamba kila chumba kinalipiwa miezi 10 kwa mwaka: utapata milioni 7.5, wakati benki inadai karibu milioni 8.34. Unapungukiwa zaidi ya 800,000 kabla hujabadilisha hata koki moja.

Ukiongeza muda hadi miaka 15, rejesho linashuka mpaka kama 616,000, lakini jumla ya utakachorudisha inapanda kutoka milioni 83 na kitu hadi karibu milioni 111. Ni kweli unapumua kila mwezi, ila pumzi hiyo unainunua ghali. Kumbuka pia kwamba rejesho linaweza kuanza wakati fundi bado yuko kwenye lenta. Iulize benki, kabla ya kusaini, kama kuna miezi ya mwanzo usiyolipa mtaji, na kama riba inaweza kupandishwa katikati ya mkataba.

Shida ya pili ni dhamana. Benki nyingi zinataka hati miliki kwa mkopo wa nyumba. Karatasi za serikali ya mtaa hazitoshi. Nenda idara ya ardhi ya halmashauri uulize kama eneo lako lina mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa. Kama upo, mpima mwenye leseni anaweka bikoni (alama za mipaka), ramani ya upimaji inaidhinishwa, ndipo unaomba kumilikishwa. Hii kazi ifanye hata kama hukopi kesho, kwa sababu kiwanja kilichopimwa hakikuletei ugomvi wa mpaka. Na kama una mume na nyumba hiyo ni ya familia, benki itataka idhini yake ya maandishi.

Ushauri wetu: milioni 18 zako zianze. Mpe fundi ramani ya vyumba vitano, akukadirie viwili mpaka kwenye rangi na choo. Vyumba viwili vilivyokamilika vinalipiwa kodi. Maboma matano hayalipiwi na mtu. Ukikopa baadaye, kopa kidogo kumalizia vingine, na kipimo kiwe hiki: rejesho lisizidi nusu ya kodi unayoipokea kweli.

Usibane pesa kwenye maji na choo. Familia tano za watu wanne, kila mtu lita 50, ni lita 1,000 kwa siku. Simtanki la lita 5,000 linawatosha siku tano bomba likikauka. Karo la maji taka liwe na vyumba viwili: uchafu mzito unatua cha kwanza, maji yanapita cha pili, kisha yanaingia shimo la kunyonya. Wanaoweka shimo moja tu huliona limejaa masika, maji ya ardhini yanapopanda na udongo ukashindwa kunyonya. Hapo unaita gari la maji taka mara kwa mara, na kama hukuacha njia ya gari kufika, wapangaji wanahama. Weka mfuniko wa karo mahali ambapo mpira wa kunyonyea wa gari hilo utafika bila kupita mlangoni kwa mtu.

Halafu kodi yenyewe. Hapa Dar mwenye nyumba anapokea miezi sita kwa mpigo. Wapangaji watano wakiingia Januari unashika milioni 4.5, na pesa nyingine haiji mpaka Julai. Fungua akaunti ya peke yake, kodi yote iingie humo, kila mwezi utoe fungu la mwezi huo tu. Hapa ndipo wengi wanaanguka: mkupuo unanunua bodaboda, Machi rejesho linakosa pa kutoka.

SWALI: Mpangaji wangu wa Tabata ana miezi miwili hajalipa. Nikimfungia kufuli au nikimkatia umeme nitakuwa nimekosea? (Mzee wa Tabata)

JIBU: Mzee wetu, usifunge. Kitu chake kikipotea ndani, wewe ndiye utakayedaiwa. Mwandikie notisi yenye tarehe, kiasi anachodaiwa na siku ya mwisho kwa mujibu wa mkataba, asaini kupokea, nakala mpelekee mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Akikaidi, anzia Baraza la Kata kwa usuluhishi; likishindwa, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ndilo linaloamua.

Huko utaulizwa mkataba, na mkataba ambao haukulipiwa ushuru wa stempu haupokelewi kama ushahidi. Ushuru huo ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka: kwa chumba cha 150,000 ni shilingi 18,000. Ulipie mapema. Ndani ya mkataba andika namba ya mita ya LUKU, usomaji wa mita ya maji siku ya kuingia, na hali ya sinki, vioo na vitasa, pande zote mbili zisaini.

SWALI: Mpangaji anataka nimrudishie 1,500 zinazokatwa kwenye LUKU kila mwezi. Ana haki? (Msomaji, Mbagala)

JIBU: Anayo. Hiyo ni kodi ya majengo, inayokusanywa kupitia LUKU tangu 2021, na mdaiwa wake ni mwenye nyumba. Mpunguzie 9,000 kwenye kodi ya pango ya miezi sita na muandike hivyo kwenye mkataba. Kama nyumba moja ina mita kadhaa na zote zinakatwa, chukua namba za mita uende TRA (mamlaka ya mapato) uombe ibaki mita moja tu inayokatwa.